Mikono Iufuate Mwili: Fizikia ya Pigo la Gofu

Mchezaji gofu wa kulipwa anaposhusha fimbo kutoka juu ya bega hadi kwenye mpira, hutumia takriban robo ya sekunde. Ubongo ukigundua kosa, huhitaji karibu muda huohuo kupeleka amri na misuli kuitika. Kwa hiyo fimbo ikishaanza kushuka, nafasi ya kurekebisha imekwisha. Kichwa cha fimbo hufika chini kwa kasi ya kilomita 180 hivi kwa saa, hugusana na mpira kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mpira umeshakwenda zake. Ukiondoka nyuzi 1 tu nje ya mstari, mpira wa mita 230 utatua mita 4 pembeni hata kama haukupinda hewani.

Ndiyo maana walimu wa gofu huhangaika sana na kwapa. Bega ndicho kiungo chenye uhuru mkubwa kuliko vyote mwilini. Ndicho kinachotuwezesha kukwea mnazi, kutupa jiwe na kufikia mgongo kwa mkono. Kwa mpiga gofu uhuru huo una gharama, kwa sababu kila upande ambao mkono unaweza kuelekea ni njia nyingine ya kukosea. Sehemu ya mkono kati ya bega na kiwiko ikilala kifuani, njia nyingi kati ya hizo huzibwa. Kifua kikigeuka, mikono hugeuka nacho, na fimbo hurudi karibu palepale ilipoanzia.

Ben Hogan, Mmarekani wa Texas aliyetwaa mataji makubwa 9, alilisisitiza jambo hili mwaka 1957 katika kitabu chake Five Lessons. Alitaka mikono ikae karibu na kifua na viwiko visogeleane, mikono miwili ifanye kazi kama kitu kimoja. Baada yake mwalimu wa gofu Jimmy Ballard alijenga ufundishaji wake wote juu ya muunganiko huo, akiwawekea wanafunzi leso chini ya kwapa la kushoto. Alijifunza kwa Sam Byrd, mtu mwenye historia ya pekee: alicheza besiboli katika timu ya New York Yankees pamoja na nyota Babe Ruth, kisha akahamia gofu na kushinda huko pia.

Je, nguvu inatoka wapi? Wengi huamini ni mikononi, na imani hiyo huwaharibia mchezo. Katika miaka ya 1980 daktari Frank Jobe na wenzake huko California walipima umeme wa misuli ya bega wakati wa pigo. Msuli mnene unaolifunika bega kwa nje, ule unaoinua mkono, ulifanya kazi ndogo. Uliojituma ni msuli mpana wa kifua, pamoja na ule uliojificha mbele ya bapa la bega. Hiyo ndiyo misuli inayouvuta mkono kuelekea kiwiliwili.

Kwa mchezaji hodari, nyonga hutangulia, kifua hufuata, kisha mikono, na fimbo huja mwisho. Kila kimoja hupunguza mwendo na kukirithisha kinachofuata kasi yake, kama kombeo la mlinda ndege shambani: mkono ukituama, jiwe ndilo linalofyatuka. Mikono ikikimbia peke yake mwanzoni, urithi huo hukatika. Isitoshe, kichwa cha fimbo chenye gramu 200 kikizunguka kwa kasi ile huvuta viganja kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 40. Mvuto huo unahitaji kupokewa na kiwiliwili kizima. Vifundo vya mikono peke yake haviuwezi.

Lakini kuunganika si kugandamana, na hapa baadhi ya walimu wamepitiliza. Jack Nicklaus, bingwa wa mataji makubwa 18, alikosolewa miaka mingi kwa sababu kiwiko chake cha kulia kilipaa mbali na ubavu fimbo ilipofika juu. Kilipoanza kushuka kilirudi mahali pake, na hilo lilitosha. Kwa pigo refu, mkono hulazimika kuachana kidogo na kifua ili fimbo ipate mzingo mpana. Anayebana makwapa wakati wote hujinyima umbali bure.

Kwa hiyo taulo dogo chini ya kwapa la kushoto, kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, ni zoezi la mapigo mafupi. Chukua fimbo fupi, inua mikono isipite kiuno, geuza kifua kwenda na kurudi. Taulo likianguka kabla hujagusa mpira, mikono imeuacha mwili. Likianguka fimbo ikiwa imeshapita mbele, usihangaike nalo. Anza hivyo, taratibu, mpaka mpira utoke sawa mara kwa mara. Fimbo ndefu isubiri.