Mtafiti akikuomba kipande cha ngozi Rungwe: haya ndiyo unayopaswa kuambiwa kabla ya kukubali

Tukuyu. Kama unaishi Rungwe, usishangae siku moja ukigongewa mlango na mtu mwenye kitambulisho shingoni na fomu mkononi. Tukuyu ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na wilaya hii ni moja ya maeneo ya ugonjwa wa usubi nchini.

Usubi huletwa na minyoo inayoenezwa na inzi wadogo weusi. Inzi hao huzaliana kwenye maji yanayokwenda kasi, na mito ya aina hiyo huku imejaa: Kiwira, Mbaka, Lufilyo. Ugonjwa huwasha ngozi, na ukiachwa unaweza kupofusha kabisa.

Dawa yake ni Mectizan, na inatolewa bure. Inaua watoto wa minyoo, lakini minyoo mikubwa inaweza kuishi mwilini miaka 10 hadi 15 ikiendelea kuzaa. Ndiyo maana unaambiwa umeze tena mwakani hata kama huwashwi popote.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo.

Kupewa dawa na kutoa sampuli ni vitu viwili

Mgawa dawa wa kijiji anapokupa Mectizan, anakupa huduma. Wewe ndiye unayefaidika. Timu ya utafiti inapochukua kipande cha ngozi yako, inatafuta jibu la swali lake. Jibu hilo linaweza kuisaidia wilaya nzima, ila wewe binafsi unaweza usipate chochote zaidi ya kidonda kidogo cha siku chache.

Kipande chenyewe ni kidogo sana. Hukatwa nyongani kwa kifaa maalumu, kisha huwekwa kwenye maji na kuangaliwa kwa hadubini kama kuna minyoo inayotoka. Lakini nyonga ni nyonga. Mama mtu mzima hawezi kuambiwa ashushe kitenge mbele ya foleni. Chumba au pazia ni haki yake. Hapaswi kujiona anaomba upendeleo.

Kabla hujakubali, unapaswa kuambiwa kwa lugha unayoielewa: wanatafuta nini, utaumia kiasi gani, sampuli itakwenda wapi na itatunzwa kwa muda gani, nani ataona jina lako, na umpigie nani simu ukipata tatizo. Na hili lisemwe waziwazi: ukikataa, au ukikubali halafu ukabadili mawazo, hunyimwi dawa wala matibabu.

Kwa lugha unayoielewa, maana yake kwa bibi wa Rungwe inaweza kuwa Kinyakyusa. Fomu ya Kiswahili iliyosomwa harakaharaka haitoshi. Tena kuna jambo la adabu yetu ambalo mtafiti mgeni anaweza asilijue. Mzee akimjibu "ndaga", amemshukuru tu. Hajasema amekubali kukatwa ngozi. Asiyejua kusoma anaweza kuweka dole gumba, mbele ya shahidi ambaye si mtu wa timu hiyo.

Vipi kama mwenyekiti wa kijiji ameshakubali? Kibali chake kinawaruhusu watafiti kuingia kijijini. Ngozi yako hajaitolea kibali, na hawezi.

Kwa nini wanataka damu ya watoto

Hili linawatisha wazazi kuliko yote, na sababu yake ni rahisi tu ikielezwa. Mtoto wa chini ya miaka 10 amezaliwa wakati dawa tayari inagawiwa. Damu yake ikionyesha dalili za kukutana na minyoo ya usubi, maana yake maambukizi bado yapo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2016 unataka watoto wapatao 2,000 wapimwe, pamoja na inzi wasiopungua 6,000, kabla nchi haijaamua kusitisha dawa katika eneo fulani.

Kwa hiyo wazazi wote wakikataa, hasara ipo: hakuna atakayejua kama usubi umeisha. Bado naona mzazi ana haki ya kukataa, na mtoto anayeweza kuelewa anapaswa kuulizwa naye. Kazi ya mtafiti ni kueleza vizuri mpaka watu wakubali kwa hiari yao.

Maelezo yakikosekana, uvumi unachukua nafasi. Mwaka 2008 mkoani Morogoro, ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo shuleni uliishia kwenye vurugu baada ya baadhi ya watoto kujisikia vibaya. Wazazi wengi hawakuwa wameelewa dawa hizo ni za nini.

Na anayekaa mtoni?

Hao inzi 6,000 hawajileti maabara. Njia ya miaka mingi ni mtu kukaa kando ya mto, suruali imekunjwa, mguu wazi, akiwanasa inzi wanapotua kabla hawajamuuma. Huwa wawili wanapokezana kwa saa, kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Wanalipwa, na wanatakiwa wapewe Mectizan. Lakini fikiria kidogo. Kijana asiye na kazi, msimu wa chai umelala, anaambiwa kuna posho ya kukaa mtoni. Hiyo hiari ni ya kiasi gani? Posho ikiwa kubwa mno inamfanya afumbie macho hatari, na ikiwa ndogo mno ni kumnyonya. Kuna mtego wa kitambaa chenye gundi, unaoitwa Esperanza, uliobuniwa Mexico ili kupunguza haja ya kutumia miguu ya watu. Ukialikwa kazi ya mtoni, uliza kwa nini mtego hautumiki.

Foleni ya dawa na siri ya mimba

Maadili hayahitaji maabara. Angalia siku ya kumeza Mectizan. Unapimwa urefu kwa kijiti ili kujua idadi ya vidonge, kuanzia kimoja hadi vinne. Hawapewi walio chini ya sentimita 90, wagonjwa mahututi, wajawazito, na mama aliyejifungua ndani ya wiki moja.

Mgawa dawa ni jirani yako. Anauliza mbele ya watu, "Dada, una mimba?" Binti wa miaka 19 ambaye hata mama yake hajui afanye nini? Akisema ndiyo, mtaa mzima unajua kabla ya jioni. Akisema hapana, anameza dawa ambayo hakupaswa kupewa wakati huo. Swali hilo linaulizwa pembeni, sauti ya chini, na daftari la kaya halipaswi kuachwa wazi mezani.

Na simu zetu je? Picha ya mgonjwa wodini ikitumwa kwenye grupu la WhatsApp hairudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, zinazohitaji ridhaa ya mwenyewe.

Ukiwa na wasiwasi

Utafiti wa afya unaohusisha watu nchini lazima uwe na kibali cha maadili, na kamati ya taifa ya kazi hiyo iko chini ya NIMR. Omba kuona namba ya kibali. Omba nakala ya fomu ubaki nayo, kwa sababu namba za simu za kulalamikia huandikwa humo, mara nyingi ukurasa wa mwisho. Akikwambia nakala zimeisha, mwambie arudi kesho akiwa nazo.