Cuthbert Brodrick: Kijana wa mkoani aliyeipa Leeds sura yake

Mwaka 1852 halmashauri ya mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, ilitangaza mashindano ya kuchora ukumbi mpya wa mji. Leeds ilikuwa imetajirika kwa sufu, kitani na mashine, lakini haikuwa na jengo la kujivunia. Jirani zao wa Bradford walikuwa wameshaanza kujenga ukumbi mkubwa wa muziki, na wivu wa ujirani ukawachoma watu wa Leeds.

Mwamuzi aliyealikwa alikuwa Sir Charles Barry, msanifu wa majengo ya Bunge yaliyokuwa yakijengwa London wakati huo. Barry alimpa ushindi Cuthbert Brodrick, kijana wa miaka thelathini na kidogo ambaye jina lake halikujulikana nje ya mji wake wa Hull. Nafasi ya pili ilikwenda kwa ofisi ya Lockwood na Mawson. Henry Francis Lockwood ndiye aliyekuwa mwalimu wa Brodrick. Mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu.

Brodrick alizaliwa Hull mwaka 1821, mtoto wa mfanyabiashara mwenye meli. Mwaka 1837 aliingia ofisini kwa Lockwood kama mwanagenzi. Mwaka 1844 alifunga safari kwenda Ufaransa na Italia kuyaona kwa macho yake majengo aliyoyajua kwa michoro, kisha akarudi Hull na kufungua ofisi yake. Mapenzi yake kwa Paris hayakumtoka tena.

Bajeti iliyofumuka

Jiwe la msingi la ukumbi wa Leeds liliwekwa Agosti 1853. Madiwani walitaka gharama isifike paundi 40,000, na kijana huyo alibanwa kwa masharti makali. Lakini jengo liliendelea kukua. Mabishano makubwa yalikuwa juu ya mnara. Baadhi ya madiwani waliuona kuwa ni kutupa fedha za walipa kodi, kwa kuwa mnarani hakai mtu wala hayasikilizwi mashauri. Daktari John Deakin Heaton na wenzake wakashikilia kwamba mji nao unahitaji uzuri, si faida tupu. Mnara ukapitishwa, ukapanda hadi mita 68 hivi.

Bei ya ukumbi wote ilikuwa kubwa. Mkandarasi Samuel Atack alifilisika kabla kazi haijaisha, na hesabu ya mwisho ilizidi paundi 120,000, zaidi ya mara tatu ya makisio. Tarehe 7 Septemba 1858 Malkia Victoria alikuja mwenyewe kuufungua. Ndani ya kuta zile mlikuwa na mahakama, ofisi za halmashauri, mahabusu za polisi na ukumbi wa muziki. Karibu kila mkazi alikuwa na sababu ya kuingia humo, kwa heri au kwa shari.

Mwanga wa kupimia nafaka

Kazi yake ninayoiheshimu zaidi ni Soko la Nafaka la Leeds, lililokamilika mwaka 1863. Ni jengo la umbo la yai lenye kuba kubwa juu, na wazo lake lilitoka katika soko la nafaka la Paris. Mnunuzi wa nafaka hutazama rangi na ukavu wa punje kiganjani, na jua kali humdanganya. Kwa hiyo Brodrick aliweka vioo vingi vya paa upande wa kaskazini, mwanga uingie mtulivu usiobadilika. Hapo utamjua msanifu aliyekaa na kumtazama mtu akifanya kazi kabla ya kushika kalamu.

Mwaka 1867 Hoteli ya Grand ilifunguliwa Scarborough, juu ya jabali linalotazama bahari, ikiwa miongoni mwa hoteli kubwa kabisa Ulaya. Wenyeji husimulia kwamba minara yake minne ni majira ya mwaka, ghorofa 12 ni miezi, mabomba 52 ya moshi ni wiki, na vyumba 365 ni siku.

Baada ya hapo mambo yakapoa. Hatimaye Brodrick aliipa Uingereza kisogo. Alihamia Ufaransa, na hakuacha tena jengo la kulinganishwa na yale ya Leeds. Alifariki kisiwani Jersey mwaka 1905. Ukumbi aliouchorea mji wake wa kuzaliwa, Hull, ulibomolewa mwanzoni mwa karne ya 20. Kikuba chake kimehifadhiwa katika bustani ya Pearson mjini humo.

Leeds imeyatunza majengo ya Brodrick. Ukumbi ungali na mnara wake, Soko la Nafaka sasa lina maduka, na chuo alichowajengea mafundi na wafanyakazi ni makumbusho ya jiji. Madiwani wale walikuwa na kila sababu ya kukimbilia jina kubwa la London. Badala yake waliweka mashindano ya wazi, wakamwita mwamuzi anayeijua kazi, na kura ilipomwangukia kijana wa mkoani, wakampa jengo. Kila mji ulio mbali na makao makuu unaweza kufanya hivyo. Vipaji vya kuujenga mara nyingi vimo humo humo. Vinachosubiri ni kuaminiwa kazi kubwa vingali na nguvu za kuifanya.