Dzaleka: Cherehani kuukuu yapakwa rangi, soko labaki mbali

Na Mwandishi Wetu, Dzaleka

KWA fundi nguo aliye ukimbizini, cherehani ndiyo shamba, ndiyo duka na ndiyo akiba. Ikiliwa na kutu, nyumba nzima inayumba. Ndiyo maana kuipaka upya rangi mashine kuukuu si urembo, ni kulinda riziki.

Kambi ya Dzaleka iko wilayani Dowa, kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, wengine Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowakutanisha sokoni. Mgawo wa chakula umepunguzwa mara kadhaa kwa uhaba wa fedha, hivyo kila kwacha ya kushona chitenje ina kazi yake.

Kutu inavyoingia

Kichwa cha cherehani za zamani, kama zile nyeusi za Singer, ni chuma cha kusubu kilichopakwa vanishi nyeusi na kuchomwa katika tanuri. Vanishi hiyo ikichubuka, maji na hewa hukifikia chuma na kutu huanza. Mvua za Malawi, za Novemba hadi Aprili, huharakisha uharibifu huo, hasa mashine ikilala chini ya paa linalovuja.

Kazi ya kuirudisha huanza kwa kufungua vipuri na kuvipanga ili visipotee. Grisi iliyoganda huondolewa kwa mafuta ya taa, kutu kwa brashi ya waya na msasa. Chuma hukaushwa kabisa na kufutwa vumbi, kisha hupakwa rangi ya msingi inayozuia kutu. Ikikauka, hufuata rangi ya juu, tabaka mbili au tatu nyembamba. Tabaka moja nene huchuruzika na kubanduka mapema. Kazi hiyo hufanyika mahali penye hewa, mbali na moto, kwa kuwa rangi na tina hushika moto haraka.

Palipo hatari zaidi ni kwenye sehemu zinazosuguana. Mhimili wa sindano, kijumba cha bobini na tundu za mafuta havipakwi rangi. Hata tabaka jembamba hunenepesha chuma, na mashine hukwama au huruka mishono. Huko hufunikwa kwa karatasi na utepe wakati wa kupuliza, kisha hutiwa mafuta ya cherehani. Asiyejua hilo hupata mashine inayong'aa isiyoshona.

Soko na kibali

Mashine ikishapona, swali ni nani atakayenunua nguo. Wateja wenye uwezo wako Lilongwe, lakini mkimbizi huhitaji kibali kutoka kambini. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa, vikiwamo vya ajira na uhuru wa kutembea.

Machi 2023 Serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini kurejea Dzaleka, na Mei mwaka huo polisi walianza kuwakusanya Lilongwe. Waliokuwa na maduka mjini waliyaacha. Serikali ilitaja usalama wa taifa, na wafanyabiashara wenyeji wamekuwa wakilalamikia ushindani.

Malawi, Kongo, Burundi na Rwanda zote ni wanachama wa COMESA, jumuiya iliyoundwa kurahisisha biashara kati ya nchi zake. Kitambaa kinaweza kuvuka mipaka kadhaa hadi Lilongwe, huku anayekishona akizuiwa kwa safari ya kilomita 45.

Hofu ya wenyeji haiwezi kupuuzwa, lakini kuna njia ya kati: vibali vya muda kwa mafundi waliosajiliwa, siku maalumu za soko, na kodi inayolipwa kama ya wengine. Bila hayo, fundi ataitunza cherehani yake vizuri, na bado atakosa wa kumshonea.