Kuvuja kwa Vizibo vya Maji katika Injini ya Lori la Chama



Lori la chama likisimama wakati wa msimu wa ununuzi, hasara si mshahara wa dereva peke yake. Mazao hubaki ghalani na malipo ya wakulima huchelewa. Aghalabu Mkaguzi hukuta katika majalada hati ya malipo iliyoandikwa "matengenezo ya injini" bila neno jingine. Makala hii yaeleza tengenezo moja ambalo kifaa chake ni cha bei ndogo, lakini likipuuzwa injini nzima huweza kuungua.

Bloki ya injini hutengenezwa kwa kumimina chuma kilichoyeyuka ndani ya kalibu. Ili zipatikane njia za maji kuzunguka silinda, huwekwa humo viini vya mchanga, na chuma kikipoa mchanga hutolewa kupitia matundu ya ubavuni. Matundu hayo huchongwa yakawa mviringo kamili, kisha huzibwa kwa visahani vya chuma chembamba, vingi vyenye umbo la kikombe kifupi. Katika nchi za baridi kali vizibo hivi vimepewa jina la barafu, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9 na huweza kukisukuma kizibo nje. Wako wadhanio kuwa viliwekwa ili kuiokoa bloki isipasuke. Sivyo, bloki huweza kupasuka vizibo vikiwa mahali pake.

Kwetu sisi adui ni kutu. Dereva ajazaye rejeta kwa maji matupu ya kisimani au mtoni huila bloki kutoka ndani, na kwa kuwa kizibo ni chembamba kuliko ukuta wa bloki, ndicho hutoboka kwanza.

Dalili yake ni michirizi ya kutu ubavuni mwa injini, mara nyingi chini ya bomba la ekzosi, na maji ya rejeta kupungua kila siku ilhali oili ni safi. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, au rejeta ikitoa mapovu mfululizo, yapasa kushuku gasketi ya silinda hedi. Kutofautisha mambo haya mawili ni fedha. Chama kimoja kililipia kufunguliwa kwa hedi na gasketi mpya, na lori liliporudi liliendelea kudondosha maji kutoka ubavuni kama kwanza.

Kazi yenyewe hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa, kwani kifuniko cha rejeta kikifunguliwa kingali moto maji hurukia uso. Betri hufunguliwa waya wa hasi, maji yote humwagwa, na kilichozuia njia, kama vile stata au ekzosi, huondolewa. Fundi huweka chuma butu ukingoni mwa kizibo, upande mmoja tu, na kukigonga kwa nyundo hadi kigeuke kimshazari tunduni; kisha hukibana kwa koleo na kukivuta. Asikigonge katikati kwa nguvu, maana kikitumbukia ndani huweza kuzuia njia ya maji, na ukuta wa silinda u karibu sana nyuma yake.

Hapa ndipo mafundi wenye haraka huharibu kazi. Tundu lapasa kusuguliwa kwa msasa laini hadi chuma king'ae, pasipo mikwaruzo ya kukatiza, na tope la kutu lililolala ndani lioshwe. Kizibo kipya kiwe cha kipimo kilekile hasa. Kilicholegea kidogo hakiwezi kuokolewa na gundi. Hupakwa gundi nyembamba ya kuzuia maji, kisha hupigwa kwa soketi inayoenea ndani ya kikombe, mdomo wa kikombe ukitazama nje, kiingie wima hadi ukingo wake upite kidogo sehemu ya tundu iliyochongwa mshazari. Vile vya umbo la kisahani kilichobinuka huwekwa mgongo ukitazama nje na kugongwa katikati ili vitanuke.

Kimoja kikioza, vingine vya umri huohuo havina maisha marefu, vibadilishwe pamoja. Vya shaba ya manjano havishikwi na kutu. Injini nyingine zina kizibo nyuma, kilichofichwa na gurudumu la klachi, nacho hudai kushushwa kwa giaboksi. Ikiwa giaboksi imeshashushwa kwa kazi nyingine, Katibu aagize kizibo hicho kitazamwe.

Baadaye rejeta ijazwe maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu kwa kipimo kilichoandikwa juu ya kopo, injini iwashwe hadi ipate moto, na vizibo vitazamwe vyote kabla ya kutia sahihi hati ya malipo. Vizibo vya zamani virejeshwe ofisini pamoja na stakabadhi, na idadi yake ilingane na iliyolipiwa. Maji ya zamani yenye dawa yasimwagwe uani: dawa nyingi za rejeta zina ladha tamu na ni sumu, na mbwa, mifugo na watoto huyanywa.