Kati ya Mizani na Mnada

Korosho haichumwi, huokotwa. Mgeni wa Newala huanza kukosea hapo: ananyoosha mkono kwenye bibo jekundu mtini, na mwenye shamba anamcheka. Bibo likiiva huanguka lenyewe, korosho yake ikiwa imening'inia mwishoni, na kazi yako wewe ni kuinama. Ndivyo nilivyomkuta mpwa wangu na mkewe, wameinama, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katikati ya Oktoba. Umande ulikuwa haujakauka, na ukungu wa bonde la Ruvuma ulikuwa bado umelala ukingoni mwa uwanda.

"Shikamoo, mjomba," kijana akasema bila kuinuka. "Leo siku yako ya tatu, si ndiyo?"

Nikaitikia marahaba, nikachukua ndoo. Jembe lenyewe hakulitaja, lakini tulielewana.

Mkewe ana miaka 23, amemaliza kidato cha nne, na mkono wake ni mwepesi kuliko mikono yetu wawili ikichanganywa. Analishika bibo kwa kushoto, analizungusha mara moja kwa kulia, korosho inatoka safi. Yangu ilitoka na kipande cha nyama ya bibo. Akaichukua, akaikwangua kwa ukucha, akairudisha ndooni kwangu. "Hicho ukikiacha, mjomba, kinaoza ndani ya gunia, kinaharibu na za jirani. Tunapewa daraja la pili." Mabibo yanakwenda kwenye ndoo nyingine. Jirani anayakausha kuwa kochoko, na anapika pombe ya uraka pia, ingawa hilo la uraka nililijua kwa pua tu, sikuambiwa. Mtoto wao wa miaka miwili alikuwa amelala juu ya kanga chini ya mti, nzi wakimzunguka kwa sababu ya sukari ya mabibo.

Huku kusini ukisema "msimu" hulazimiki kuongeza neno. Watu wanajua unazungumzia miezi ya kuanzia Septemba inapoishia hadi Desemba, na mambo yote ya mwaka yamefungwa kwenye neno hilo. Mabati yatanunuliwa msimu. Mtoto ataingia unyagoni msimu ukiisha. Deni la dukani ni la msimu. Mjini Dar es Salaam wanapenda kusimuliana hadithi za wakulima wa korosho walionawa mikono kwa soda mwaka bei ilipopanda. Zinachekesha. Wanaozisimulia hawaijui Agosti ya huku, watu wanapokula muhogo mkavu na kununua maji kwa ndoo, maana uwanda wa Makonde uko juu na maji yake yako chini bondeni. Mradi wa kuyapandisha ulianza tangu miaka ya 1950, na mpaka leo ndoo ya maji ni sehemu ya bajeti ya nyumba.

Nimeandika habari za miradi kwa miaka kadhaa sasa, na kwa kawaida naanzia ofisini: mpango, lengo, bajeti, kisha nateremka kijijini kuona kilichobaki. Safari hii nilitaka kuanzia kwenye ndoo na kupanda.

Mpango wenyewe, wa kuuza korosho kwa stakabadhi za ghala, ni mzuri, na nasema hivyo bila kejeli. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005, na korosho ya Mtwara ikaingizwa kwenye utaratibu huo msimu wa 2007/08. Wazo lilikuwa hivi: mkulima asiuze peke yake, gizani, kwa mtu mwenye mizani yake mfukoni. Apeleke korosho chama cha msingi, zipimwe mbele yake, apewe karatasi. Korosho ziende ghala kuu, zipangwe kwa daraja, zinadiwe kwa wanunuzi wote kwa pamoja, na bei isomwe hadharani, wakulima waikubali au waikatae. Karatasi ile, stakabadhi, ilikusudiwa kuwa na thamani hata kabla ya mnada, maana benki ingeweza kukopesha kwa dhamana ya mzigo ulioko ghalani. Mwanzoni ndivyo ilivyokuwa. Vyama vilikopa, mkulima akapata malipo ya awali akipeleka mzigo, na ya pili baada ya mauzo.

Kisha bei ikaanguka. Malipo ya kwanza yalishatolewa, riba inapanda, na ya pili yakaja pungufu kuliko watu walivyoahidiwa. Aprili 2013, kule Liwale, hasira ya malipo hayo iliishia kwa nyumba za watu kuchomwa moto. Siku hizi fedha inakuja mara moja tu, baada ya mnada. Ni utaratibu safi zaidi, hesabu zake zinaeleweka. Lakini kile kipande cha mpango kilichomnunulia mkulima muda ndicho kilichong'olewa, na sijaona kikitajwa tena kwenye hotuba.

Siku ya mizani tulipeleka magunia mawili kwa pikipiki ya kukodi. Foleni ilikuwa imeshafika kwenye mwembe. Karani alichota kiganja kutoka katikati ya gunia, akazitikisa karibu na sikio. Korosho kavu inalia ndani ya ganda lake, mbichi iko kimya. Za kwetu zililia. Gunia la kwanza likapanda mizani, mkwe wangu akasogea hadi akawa anaona namba yeye mwenyewe, akaandika kwenye daftari la shule lenye jalada lililochanika: tarehe, kilo, jina la karani. Uzito wa gunia ukatolewa. Karatasi ikaandikwa kwa jina la mumewe.

Hapo nikauliza, pengine kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa, kwa nini jina la mumewe. Mikorosho ile ni ya bibi yake mke. Wamakonde ukoo wao hufuata upande wa mama, na mimi mjomba mtu ndiye wa mwisho kulisahau hilo: kijana huyu kaja kuishi kwa wakwe zake, na anaokota chini ya miti ya wanawake. Lakini fomu ya usajili wa mkulima ina mstari mmoja wa jina na mmoja wa akaunti. Siku waandikishaji walipopita, mke alikuwa kliniki na mtoto. Aliyekuwepo nyumbani ndiye aliyeandikwa.

"Tumeshapatana, mjomba," mke akasema, akacheka kidogo. Akaonyesha simu yake. Laini iliyounganishwa na akaunti ya mume imo kwenye simu yake yeye. Ujumbe wa benki ukiingia, unalia kiunoni mwake, ndani ya kanga. Mume akaangalia pembeni. Hakuna mwongozo wowote wa mradi wenye ukurasa wa jambo hilo, na nyumba nzima inasimama juu yake.

Miti yenyewe iko mbali. Kutoka kijijini hadi shamba ni mwendo wa saa moja na zaidi, na sababu ya umbali huo ni mpango mwingine. Wakati wa kuhamia vijijini, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kaya zilizokuwa zimetawanyika uwandani kila moja ndani ya mikorosho yake zilikusanywa pamoja, na miti haikuhama nazo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikuwa imekusanya korosho zinazokaribia tani 145,000. Katikati ya miaka ya 1980 hazikufika 20,000. Umbali haukuwa sababu pekee. Bei ya mkulima ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia, ukayaunguza maua kabla hayajafunga. Lakini mti usiopaliliwa ndio ubwiri unga unaoupenda, na nani atapalilia saa moja na zaidi kutoka kwake kwa bei ya kutupwa? Katika miaka hiyohiyo serikali ilikuwa inajenga viwanda vya kubangua korosho kwa mikopo ya nje, hadi vikafika 12. Vilikamilika korosho zimekwisha. Vingine vikaja kuwa maghala, na si ajabu magunia tuliyoyapima mimi na wapwa zangu yalilala chini ya paa la kiwanda kilichokusudiwa kuyabangua.

Mzee mmoja kwenye foleni ile ya mizani alinikumbusha Nachingwea. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walileta matrekta kulima karanga. Lengo la mradi mzima, pamoja na Kongwa na Urambo, lilikuwa zaidi ya ekari milioni tatu. Ulipofungwa mwaka 1951, pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Ikabaki bandari ya Mtwara, na reli iliyokuja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. "Miaka ileile," mzee akasema, "mama zetu walikuwa wanachomeka korosho katikati ya muhogo." Akaonyesha kwa kidole namna mbegu inavyofukiwa. Hakufafanua zaidi, zamu yake ilikuwa imefika.

Baada ya mizani, kusubiri. Gunia haliendi ghala kuu mpaka lori lijae. Lori likijaa, huenda magunia matupu yameadimika na chama kingine hakijafunga mzigo wake. Mzigo ukifika unapimwa unyevu na ubora, unapangiwa mnada. Mnada ukipita mnunuzi ana siku zake za kulipa. Akilipa, fedha inapita ngazi kwa ngazi, makato yakiondoka njiani, ya ushuru, ya usafiri, ya gunia, ya ghala, ya vyama, hadi orodha ya majina ifike benki. Tarakimu moja ya akaunti ikikosewa, jina linarudi lilikotoka. Kila hatua ina sababu yake, na aliyeiweka alikuwa na akili timamu. Zijumlishe sasa: kwa magunia yale mawili, daftari lilihesabu siku 23.

Siku ya tisa mtoto alishikwa na homa.

Jioni hiyo alikuja kijana mwenye bakuli. Anaitwa kangomba kama wenzake wote. Neno lilikuwa la kipimo, bakuli lililojazwa hadi likafanya kichuguu, likiizidi kilo kwa mbali. Kisha likawa jina la biashara, na sasa ni jina la mtu. Biashara hiyo imepigwa marufuku, na kila kiongozi akipanda jukwaani anaitaja pamoja na wezi. Huyu alisalimia vizuri, akauliza hali ya mtoto kwa jina lake. Mkwe wangu alipima bakuli nne kutoka kwenye korosho zilizoanikwa siku hiyo, akapokea noti, akazihesabu, akampa mumewe. Pikipiki ikawashwa kuelekea zahanati. Kwenye daftari akaandika: bakuli 4, dawa. Nikajifanya naangalia simu.

Alinyonywa, hilo sina ubishi nalo, bei aliyopewa ilikuwa chini sana ya ile ya mnada. Ila bidhaa aliyonunua jioni ile haikuuzwa penginepo pale kijijini. Kangomba anauza muda. Anauza ghali, kwa sababu hana mshindani.

Mwaka 2018 tulipata somo la jambo hili kwa kiwango cha nchi. Wanunuzi mnadani walitaja bei kati ya shilingi 1,900 na 2,700 kwa kilo, wakulima wa Tandahimba na Newala wakakataa, nao walikuwa na haki ya kukataa. Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua zote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaja kusomba. Bei ilikuwa nzuri. Kisha likaja zoezi la uhakiki: aliyekuwa na zaidi ya kilo 1,500 aonyeshe kwanza shamba lake, ili fedha isiende kwa kangomba. Malipo ya wengi yakavuka mwaka. Nilikutana siku zile na watu waliouza haki yao ya 3,300 kwa chini ya nusu, na walionunua ni haohao waliokuwa wanatafutwa na uhakiki. Nani mwingine alikuwa na fedha taslimu mkononi?

Mpwa wangu ana mpango wake pia. Anataka mwakani ashike ekari mbili karibu na kijiji, apande miche ya kisasa inayotoka kituo cha utafiti cha Naliendele, inayoanza kuzaa ndani ya miaka mitatu hivi. Alinionyesha mahali, akapima kwa hatua, mita 12 kutoka shimo hadi shimo, akasimama kwenye kila pembe kama mti umeshaota. Mkewe alimwacha amalize, ndipo akauliza ardhi hiyo itaandikwa jina la nani. Wakabishana hadi nyumbani, kwa sauti ya chini, kwa sababu yangu. Nilisikia neno "mjomba" mara mbili, na sikuwa na uhakika kama ni mimi au wa upande wake.

Niliondoka kabla ya malipo, nikarudi wiki ya mwisho ya Novemba kuchukua koti nililosahau. Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa Msumbiji, na uani korosho zilikuwa zimeanikwa zote. Mvua ikizinyeshea zinakuwa nyeusi, na karani hata hazitikisi. Tulikuwa tunazizoa kwa ungo na kwa mikono wakati simu ilipolia ndani ya kanga. Akaifungua kwa kidole gumba chenye utomvu, akasoma, akatazama juu ya mlango kulikochomekwa daftari.

"Imeingia?" mumewe akauliza kutoka upande wa pili wa ua.

"Imeingia. Makato nitayaangalia baadaye." Akairudisha simu kiunoni. "Leteni turubai."

Tone la kwanza likaanguka kwenye bati.