Utafiti Unaorudi Kijijini: Deni la Wasomi Vijana katika Milima ya Usambara

Milima ya Usambara, iliyoko kaskazini-mashariki mwa Tanzania katika Mkoa wa Tanga, ni miongoni mwa sehemu za Afrika Mashariki zilizochunguzwa na wanasayansi kwa muda mrefu zaidi, kwani kwa zaidi ya miaka 120 wataalamu wa mimea, udongo, wadudu, maradhi na historia wamekuwa wakipanda njia za Lushoto, Bumbuli na Amani kutafuta maarifa. Wengi wa wanaozipanda njia hizo leo ni vijana wa vyuo vikuu: wapo wa shahada ya awali wanaofanya mafunzo kwa vitendo, wapo wa uzamili, yaani shahada ya pili, na wapo wa uzamivu, yaani shahada ya udaktari wa falsafa. Taifa linawatarajia vijana hao waongoze, watafiti na waihudumie jamii, na mara nyingi matarajio hayo hutajwa kana kwamba ni kazi tatu zinazogombania muda wa mtu mmoja. Historia ya Usambara inaonyesha kwamba kazi hizo hukutana mahali pamoja, napo ni kwenye mrejesho, yaani tendo la kuyapeleka matokeo ya utafiti kwa watu ambao mashamba yao, nyumba zao na kumbukumbu zao ndizo zilizouwezesha utafiti huo.

Maarifa yaliyosafirishwa

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilianzisha taasisi ya biolojia na kilimo huko Amani, Usambara Mashariki, ili kujaribu mimea ambayo ingefaa kwa uchumi wa koloni, kama vile kahawa, mpira na mkwinini, ambao magome yake hutoa dawa ya malaria. Kazi iliyofanyika hapo ilikuwa kubwa, na bustani ya miti iliyopandwa wakati huo ingali ushahidi wake, lakini matokeo yaliandikwa kwa Kijerumani kwa ajili ya maofisa, walowezi na wanasayansi wenzao, na wenyeji waliofyeka njia na kubeba mizigo hawakuhesabiwa miongoni mwa wasomaji wake. Hata ua dogo la zambarau linalomea kwenye miamba yenye kivuli ya milima hiyo lilisafiri kwa namna hiyohiyo: Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kitaalamu la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo wa mtawala huyo. Leo ua hilo hupandwa vyunguni na kuuzwa Ulaya na Marekani, na Wajerumani hulitaja kwa jina la Usambara.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza, ambao wakati huo ndio waliotawala, nao walikuja na maarifa ya aina nyingine, safari hii yakiwalenga wakulima moja kwa moja. Kuanzia mwaka 1946 huko Mlalo, na baadaye katika eneo pana zaidi chini ya Mpango wa Usambara, wakulima waliamriwa kujenga matuta ya kuzuia mmomonyoko, yaani maji ya mvua kuchukua udongo wa juu wenye rutuba. Hofu ya wataalamu ilikuwa na msingi, kwa sababu miteremko ya Usambara ni mikali na mvua zake ni nzito. Lakini kazi ya matuta ilikula nguvu na ardhi ya watu wenye vishamba vidogo, ikawaelemea hasa wanawake waliobeba sehemu kubwa ya kilimo cha chakula, na ikasimamiwa kwa adhabu badala ya mashauriano. Wakulima waliupinga mpango huo, upinzani wao ukaungana na harakati za chama cha TANU za kudai uhuru, na kabla ya mwaka 1961 mpango ulikuwa umeachwa. Maarifa sahihi yalishindwa kwa sababu yalibeba majibu kabla ya kusikiliza maswali.

Kuiponya nchi

Washambaa, wenyeji wa milima hiyo, walikuwa na kipimo chao cha uongozi muda mrefu kabla ya taasisi na mipango hiyo. Katika lugha yao, *kuzifya shi* ni kuiponya nchi na *kubana shi* ni kuiharibu, na watawala wa ukoo wa Wakilindi walipimwa kwa hayo mawili: mvua iliponyesha na chakula kikatosha, mtawala alionekana kuiponya nchi, na njaa ilipoingia, uhalali wake ulitiwa shaka. Mwanahistoria wa Kimarekani Steven Feierman, aliyefika Usambara katika miaka ya 1960 akiwa bado mwanafunzi, alijifunza dhana hizo kwa wazee wa milimani, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1990 alionyesha kwamba wakulima wa Usambara walikuwa wanafikra waliojadili siasa, ardhi na haki kwa hoja walizozitunga wenyewe.

Kabla yake, Abdallah bin Hemedi, aliyewatumikia watawala wa Kikilindi, alikwisha kuiandika historia yao kwa Kiswahili katika *Habari za Wakilindi*, kazi ambayo sehemu zake zilianza kuchapwa na wamisionari wa Magila katika miaka ya 1890. Jambo la kuzingatiwa na msomi kijana ni kwamba simulizi zilizokusanywa kwa wenyeji ziliandikwa kwa lugha ambayo wenyeji wangeweza kusomewa, wakazielewa, wakazikubali au wakazibishia.

Kuanza na wanachokijua watu

Mazingira ya kufanya kazi kwa namna hiyo yapo. Mwaka 1968 familia ya Tanner ilikabidhi msitu wa Mazumbai, wenye ukubwa wa takriban hekta 320, kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye msitu huo ukawa chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichoanzishwa mwaka 1984, ambacho huutumia kufundishia na kufanyia utafiti. Kwa kuwa sehemu kubwa ya misitu ya Usambara imegeuzwa mashamba, msitu uliobaki katika hali yake ya asili kwa kiasi hicho ni darasa lisiloweza kujengwa upya kwa fedha yoyote.

Mfano bora zaidi, hata hivyo, umo mashambani. Wakulima wa Lushoto wana desturi ya kugawa mteremko kwa miraba, yaani vipande vya shamba vilivyozungushiwa mistari ya majani ambayo hushika udongo na pia hulisha mifugo. Watafiti wa SUA walioufanyia kazi mmomonyoko katika vijiji vya Majulai na Migambo hawakuanza kwa kuidharau desturi hiyo. Waliipima, wakalinganisha shamba lisilo na kinga, shamba lenye miraba peke yake, na shamba lenye miraba lililofunikwa kwa majani ya tughutu, kichaka kinachojulikana sana kwa wenyeji, au ya alizeti pori. Walithibitisha kwamba miraba hupunguza udongo unaopotea, na kwamba kuifunika kwa majani huongeza nguvu yake. Kwa matokeo hayo mkulima aliambiwa kwamba alilolirithi ni la thamani na kwamba laweza kuboreshwa kwa kitu kinachoota karibu naye, jambo ambalo amri za matuta za mwaka 1946 hazikuwahi kumwambia.

Katika afya pia, tauni, maradhi yanayosababishwa na bakteria na kuenezwa hasa na viroboto wa panya, ilizuka Lushoto mwaka 1980 na kujirudia kwa zaidi ya miaka 20. Wanasayansi, wakiwamo wanafunzi wa shahada za juu wa SUA, walifuatilia panya na viroboto, lakini walichunguza pia maisha ya watu, na wakaona kwamba wanawake na watoto waliugua zaidi, na kwamba mahali pa kulala na pa kuhifadhia nafaka ndani ya nyumba ni mambo yenye uzito. Maarifa ya aina hiyo yakibaki maktabani hayamkingi mtu yeyote, bali kinga huanza pale mama wa Shume, huko Lushoto, anapoelezwa sababu ya kuinua kitanda na kuitenga nafaka na chumba cha kulala.

Chakula cha kijiji chenye njaa

Deni hili la msomi kwa jamii iliyomsomesha lilizungumzwa mapema katika taifa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyojumuisha kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao, na takriban wanafunzi 400 wakarudishwa makwao. Katika miaka hiyo Mwalimu Julius Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada, na asiporudi huwa amewasaliti waliomlisha. Mfano huo ungali na uzito kwa kijana anayesomeshwa kwa mkopo wa umma na anayekamilisha shahada yake kwa saa nyingi ambazo wakulima wamemjibia maswali bila malipo.

Namna ya kulipa ipo na haihitaji bajeti kubwa. Kila kijiji cha Tanzania kina mkutano mkuu, ambao kisheria hujumuisha kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na hapo ndipo matokeo ya utafiti yanapopaswa kusomwa kwa Kiswahili fasaha, yakaulizwa na yakakosolewa. Mwanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichopo Lushoto anaweza kuueleza mkutano huo haki ya mwanamke kumiliki ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mwanafunzi wa kilimo anaweza kueleza majani yapi yafunike miraba. Kusimama mbele ya wazee, kujibu maswali magumu bila kiburi na kukiri pale data zinapoishia ni shule ya uongozi ambayo ukumbi wa semina hauwezi kuitoa.

Vyuo vikuu, basi, viufanye mrejesho kuwa sharti la kuhitimu kwa kila utafiti uliofanyika kijijini, na muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili ubaki katika ofisi ya kijiji na shule ya kata, ili mtoto wa Mlalo au Mtae aweze kuusoma. Na kijana atakayepanda Usambara mwaka huu akiwa na dodoso mkononi, kabla ya kuuliza swali la kwanza, awaambie wenyeji siku atakayorudi na majibu, kisha arudi kweli.