Gari la kale na upepo kwenye breki

Wamiliki wa magari ya kale nchini Uingereza hawalazimiki tena kuyapeleka kukaguliwa kila mwaka, lakini sheria haijawaondolea wajibu wa kuhakikisha kwamba magari hayo yanaweza kusimama.

Tangu tarehe 20 Mei mwaka 2018, gari lililotimiza umri wa miaka 40, na ambalo halijafanyiwa mabadiliko makubwa, limesamehewa ukaguzi unaojulikana kama MOT.

Ukaguzi huo ulipoanza mwaka 1960 ulihusu magari yenye umri wa miaka 10 au zaidi, na yaliyotazamwa yalikuwa mambo matatu tu: breki, taa na usukani. Kwa maneno mengine, ulianzishwa kwa ajili ya magari makuukuu, na sasa makuukuu zaidi ndiyo yaliyosamehewa.

Hapa London magari hayo yana nafuu nyingine. Yakisajiliwa katika kundi la magari ya kihistoria, hayatozwi zile pauni 12.50 kwa siku zinazolipwa na magari yanayochafua hewa, tozo ambayo tangu mwezi Agosti mwaka 2023 imeenea katika mitaa yote ya jiji. Si ajabu, basi, kuliona gari lililotengenezwa miaka 60 iliyopita likiwa katika foleni nyuma ya basi jekundu.

Hata hivyo, anayeendesha gari bovu kiasi cha kuhatarisha watu anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500. Kwa kuwa hakuna mkaguzi wa kumwonya, mwenye gari hana budi kuzijua breki zake yeye mwenyewe, na jambo la kwanza la kujua ni jinsi ya kutoa hewa ndani yake, kazi ambayo mafundi wa Afrika Mashariki huiita kutoa upepo, au kublidi.

Njia moja tu

Tuchukue mfano wa Morris Minor. Gari hili dogo, lililobuniwa na Alec Issigonis, lilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Earls Court, hapa London, mwezi Oktoba mwaka 1948. Yalitengenezwa zaidi ya milioni moja na nusu, na msikilizaji mwenye umri mkubwa huko Nairobi, Kampala au Dar es Salaam bila shaka analikumbuka.

Dereva anapokanyaga pedali, pistoni iliyomo ndani ya silinda kuu husukuma kimiminika katika mabomba membamba hadi kwenye silinda ndogo zilizoko kwenye magurudumu. Hizo nazo hutanua viatu vya breki, vikaubana mzunguko wa dramu.

Mpango wote huo unategemea jambo moja: kimiminika hakibonyei. Hewa hubonyea. Kipovu kikiingia katika bomba, nguvu ya mguu hutumika kwanza kukibana kipovu hicho, na dereva huihisi pedali ikiwa laini kama anayekanyaga sifongo.

Katika gari la leo breki zina njia mbili zinazojitegemea, moja ikifa nyingine hubaki. Morris Minor, kama magari mengi ya wakati wake, ina njia moja tu. Bomba moja likivuja, magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja, na kinachobaki ni hendibreki, ambayo huvutwa kwa kebo na kushika magurudumu ya nyuma peke yake.

Jina lenye kupotosha

Katika Kiswahili tumezoea kusema 'mafuta ya breki' au 'oili ya breki'. Jina hilo limewaponza wengi, kwa sababu kimiminika kinachotumika katika magari mengi si mafuta hata kidogo. Mtu akiongeza oili ya injini, mipira iliyomo ndani ya silinda huvimba na kuharibika, na hapo hakuna kublidi kutakakosaidia. Mipira yote haina budi kubadilishwa.

Kimiminika hicho pia hunyonya unyevu kutoka hewani. Cha daraja la DOT 4, kikiwa kipya, hakitakiwi kuchemka kabla ya nyuzijoto 230 za Selsiasi. Kikishanyonya maji kwa kiasi cha takriban asilimia 3.7, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzijoto 155.

Katika mvua za London, gari linalotoka Jumapili tu kwenda na kurudi huenda lisifikie joto hilo. Lakini wasikilizaji wetu wa Iringa wanaujua mteremko wa Kitonga, na wale wa Kenya wanaijua barabara ya kushukia Mai Mahiu. Anayeteremka huko huku mguu umelala juu ya pedali huzipasha breki moto mpaka kimiminika kikachemka, na mvuke wake ukafanya kile kile kinachofanywa na hewa: pedali ikazama mpaka sakafuni. Ndiyo maana madereva wazoefu huteremka kwa gia ndogo, na ndiyo maana inashauriwa kimiminika kibadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari limekaa tu gerejini.

Mtu wa pili

Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Inahitaji spana inayokaa sawasawa, mrija wa plastiki unaopenyeza mwanga, chupa ya kioo, kopo jipya la kimiminika ambalo halijafunguliwa, na mtu wa pili mwenye subira.

Gari liwekwe mahali tambarare na kuzuiwa lisibingirike, na likiinuliwa lipachikwe juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake isiaminiwe kamwe.

Kabla ya kugusa kimiminika, viatu vya breki virekebishwe visiwe mbali na dramu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Viatu vilivyolegea huifanya pedali iende mbali, na mwenye gari hudhani ni hewa. Atablidi mchana kutwa asipate nafuu yoyote.

Katika Morris Minor silinda kuu imefichwa chini ya sakafu, upande wa dereva. Huna budi kuinua zulia na kufungua kifuniko cha bati ili kuifikia, na mchanga wote uliokusanyika hapo ufutwe kwanza, kwani chembe moja ikitumbukia inaweza kuukwaruza mpira.

Kwa kawaida huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, kisha mtu akasogea karibu. Kwa gari lenye usukani wa kulia, hilo ni gurudumu la nyuma kushoto. Mrija huvishwa kwenye skrubu ya kutolea hewa, na ncha yake ya pili huzamishwa katika chupa yenye kimiminika kidogo.

Kinachofuata ni mazungumzo ambayo, lugha ikibadilishwa tu, ni yale yale katika gereji zilizo chini ya matao ya reli hapa London na chini ya mwembe kule Mombasa.

"Kanyaga!" Aliye ndani hukanyaga taratibu. "Shikilia!" Aliye chini hufungua skrubu nusu mzunguko, na vipovu huonekana vikipita katika mrija. Huifunga. "Achia!"

Mpangilio wa maneno hayo ndio roho ya kazi. Pedali ikiachiwa kabla ya skrubu kufungwa, hewa hufyonzwa tena ndani, na jasho lote limepotea bure. Vivyo hivyo, silinda kuu ikiachwa ikauke, kazi huanza upya. Kimiminika kiongezwe kila baada ya kukanyaga mara tano au sita.

Jambo jingine linahusu magari yaliyozeeka hasa. Kwa miaka mingi pistoni ya silinda kuu imekuwa ikisafiri sehemu fupi tu, na mbele yake kutu imejikusanya. Pedali ikisukumwa hadi mwisho, mpira hupita juu ya kutu hiyo na kuchanika, na breki zilizokuwa na hewa kidogo zikawa breki zinazovuja. Kipande cha ubao kikiwekwa chini ya pedali huizuia isifike huko.

Kimiminika kilichotoka kisirudishwe ndani, hata kama kinaonekana safi. Kikidondokea rangi ya gari, kimwagiwe maji mengi mara moja, kwani huibambua. Wala kisimwagwe mtaroni. Hapa London hupelekwa katika vituo vya taka vya halmashauri.

Vipovu vikishakoma katika magurudumu yote manne, kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie kwa dakika moja. Ikisimama imara, hewa imetoka. Ikizama polepole chini ya mguu, tatizo si hewa tena bali ni uvujaji, pengine ndani ya silinda kuu yenyewe, mahali pasipoonekana, na gari hilo lisitoke.

Safari ya kwanza iwe ya mwendo wa mtu anayetembea, mahali pasipo na watu. Na asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha injini, iname utazame upande wa ndani wa kila gurudumu, kama kuna unyevu uliotiririka usiku.